Baba wa Ubatizo wa Majora ya Lesi

Taarifa ya mwaka ya ofisi yetu inaeleza kwamba ushirikiano wa kwanza kati ya mfanyabiashara wa Kiafrika na mfanyabiashara wa Bolivia hapa Guangzhou "ulifanikishwa na Mwongozo wa Adabu za Kibiashara za Amerika ya Kusini". Sentensi hiyo ina makosa kadhaa, na lililo dogo kuliko yote ni kwamba si ya kweli. Mimi nimestaafu. Sidai cheo wala shukrani, na saa ya ukutani niliyoagwa nayo inanitosha, ingawa inachelewa. Ninachodai ni kumbukumbu iliyonyooka. Kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuniuliza kabla taarifa haijachapwa, nawaandikia moja kwa moja ninyi vijana mnaokalia sasa dawati la itifaki, ili angalau dawati lijue lililotendeka juu yake.

Nilipofika ofisini mara ya kwanza, katika ghorofa ya juu ya jengo moja la biashara la barabara ya Huanshi Zhonglu, nilikuwa na tai, cheti cha itifaki na jalada nene kuhusu utaratibu wa kupanga bendera. Kazi ya ofisi yetu, kama mjuavyo, ni kuwakutanisha wafanyabiashara wa kutoka kwetu Afrika na wenye viwanda wa Kichina, pamoja na wanunuzi wa mataifa mengine waliojaa katika mji huu. Dawati la itifaki lilikuwa la Bi. Aziza, mama wa Mombasa aliyevaa miwani yenye mnyororo na asiyepandisha sauti hata akikufukuza. Alilipokea jalada langu kwa mikono miwili, akalifungia kabatini, kisha akaniambia nishuke Dengfeng, mtaa wa masoko ya Waafrika, nikatazame watu wakinunua simu.

Nilirudi adhuhuri.

"Umeona nini, bwanangu?"

"Watu wananunua simu, Bi. Aziza."

"Rudi ukatazame."

Jioni nikamweleza kwamba muuzaji wa Kichina haitamki bei. Anaiandika kwenye kikokotoo na kukigeuza kumwelekea mnunuzi. Mnunuzi anaifuta, anaandika ya kwake na kukigeuza tena, na yote haya yanaweza kwenda na kurudi bila mtu kufungua kinywa. Nikamweleza pia kwamba Waafrika waliokaa muda mrefu mjini wameichukua tabia hiyo kama ilivyo, na kwamba neno la kwanza la Kichina wanalolijua wote ni "mei you", yaani hakuna, hamna, usiniulize tena.

"Basi leo umeanza kazi," alisema. "Lile jalada utalipata siku bendera itakapokuja kununua kitu."

Sikulipata hadi alipostaafu yeye. Alinirithisha pamoja nalo zana zake zote: chupa ya chai, kikasha cha kadi za majina na kitambaa cheupe cha kufutia vikombe mbele ya mgeni, ili mgeni aone vikifutwa. Kitambaa hicho kiko kwenye droo ya chini. Kifueni kwa mkono.

Amerika ya Kusini niliangukiwa nayo kwa sababu ya Kihispania. Ujanani nilipelekwa Kyuba kusomea uhifadhi wa mazao, nikarudi na lugha badala ya uhifadhi. Kwa mantiki ya kiofisi, mtu aliyewahi kuishi katika kisiwa kimoja anafahamu kila nchi iliyo upande ule wa dunia, mpaka kwenye barafu. Ujumbe wa kwanza kutoka huko ulikuwa wa Wabrazili. Mkurugenzi wetu aliagiza lipachikwe bango la kuwakaribisha kwa Kihispania. Nilimweleza kwa heshima kwamba Wabrazili husema Kireno. Alinijibu kwamba bango limekwisha kulipiwa. Wageni walilisoma, wakatabasamu, wakapiga picha mbele yake; na katika taarifa ya mwaka ule tabasamu hizo ziliitwa mafanikio.

Baada ya hapo Mkurugenzi aliamua kwamba tatizo letu ni ukosefu wa mwongozo. Aliuandika mwenyewe, kwa siku chache, bila kuondoka kitini. Ulisema kwamba watu wa Amerika ya Kusini huchelewa, hupenda mpira na husalimiana kwa karibu. Kwa hiyo wafanyabiashara wetu wachelewe kidogo, waanze mazungumzo na mpira, na wasimame karibu. Nchi zote za bara lile zilitumia ukurasa mmoja. Nilipouliza kama Mkolombia na Mparaguai wangeridhika kulala kitanda kimoja namna hiyo, niliambiwa kwamba nina tabia ya kukatisha tamaa.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe.

Mama Clémentine alikuwa mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, mwenye duka la vitambaa vya harusi huko kwao na chumba cha sampuli hapa Dengfeng, juu ya mgahawa. Mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Alikuwa amepata, kwenye kiwanda kimoja nje kidogo ya mji, lesi ya kutarizi ambayo hakuna aliyekuwa nayo Lubumbashi. Lakini mwenye kiwanda, Laoban Liang (laoban ndilo neno la hapa la bosi, na hata bosi wa kibanda cha soksi huitwa hivyo), hakukubali kuiwasha mashine ya kutarizi kwa oda ndogo. Mama Clémentine peke yake aliweza kubeba nusu tu. Nusu ya pili isipopata mtu kabla ya Jumatano, mashine ingepewa mnunuzi mwingine kwa msimu mzima.

"Papa Mhando," aliniambia, akiwa ameketi mbele ya dawati langu na mkoba mapajani, "ile mashini ikienda kwa mwingine, miye minafunga duka. Kiangazi njo wakati wa harusi kwetu. Bibi harusi atakuya, nitamwonyesha nini? Sura yangu?"

Hakuwa akitia chumvi. Msimu uliotangulia alikuwa ameuza lesi ileile iliyouzwa na jirani zake wote, na wateja walikuwa wameanza kumpita mlangoni.

Mtu wa nusu ya pili alikuwepo. Alikuwa Doña Basilia, mfanyabiashara wa Kiaymara kutoka El Alto, mji wa Bolivia ulio juu sana milimani. Alivaa kama wavaavyo kina mama wa kwao: sketi pana yenye marinda mengi, shali yenye nyuzi ndefu, na kofia nyeusi ya duara iliyoketi utosini kana kwamba haijui kuanguka. Sketi zile hula kitambaa kingi mno, na lesi ya Laoban Liang ilimpendeza tangu alipoishika. Oda moja, mashine moja, wanawake wawili. Nilidhani ni shauri la asubuhi moja.

Mkurugenzi akasisitiza kwamba kikao kifuate Mwongozo. Kwa hiyo Mama Clémentine alichelewa, kama alivyoelekezwa, akamkuta Doña Basilia amekwisha kukaa muda mrefu na mikono juu ya mapaja. Akaanza na mpira, kama alivyoelekezwa. Nikatafsiri. Doña Basilia akajibu kwamba mpira ni mambo ya shemeji yake, mlevi. Mkurugenzi, aliyekuja kushuhudia mavuno yake, akasogeza kiti ili awe karibu, na Doña Basilia akasogeza cha kwake kiwe mbali.

Mwongozo ulipokwisha, Mama Clémentine akabaki na adabu aliyofundishwa na mji huu. Akatoa kikokotoo, akaandika, akakigeuza. Doña Basilia hakukitazama. Aliniuliza mimi, kwa upole, kama bibi huyu ana watoto, kama mama yake yu hai, na kama amekwisha kula. Nilipokuwa natafsiri, Mama Clémentine akasukuma kikokotoo mbele zaidi.

"Mwambie tutaongea ya batoto kisha. Laoban anangojea."

Doña Basilia akaishika sampuli ya lesi, akaipapasa, akasema kwamba wakikubaliana angependa yapa. Nikaeleza kwamba yapa ni kile kidogo ambacho muuzaji wa kwao huongeza juu ya kipimo baada ya mauzo kukamilika, kwa ajili ya mnunuzi anayetaka arudi.

"Mei you!" alisema Mama Clémentine, kwa kasi ya mtu anayefukuza nzi, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Doña Basilia akaiweka sampuli mezani, akaikunja vizuri, akasimama. "Tutaona, bibi," alisema. Akatuaga mmoja mmoja na kumshukuru Mkurugenzi kwa kiti.

"Amesema tutaona!" Mama Clémentine alinishika mkono ngazini. "Njo ile, Papa! Amekubali!"

Nililazimika kumweleza kwamba katika nchi ya Doña Basilia mtu mwenye malezi hamkatalii mwenzake usoni. Husema tutaona, kisha haonekani. Alikaa palepale ngazini, na mkoba wake ukabingirika hadi chini. Mkurugenzi, kwa upande wake, aliandika kwamba kikao kilikwenda vizuri.

Kesho yake, siku ya Jumapili, nilikwenda peke yangu hadi mgahawa wa samaki alikokuwa akila Doña Basilia, jirani na hoteli yake. Sikubeba Mwongozo. Nilimuuliza habari za wanawe, naye akanieleza, na kila mmoja alikuwa na habari ndefu. Aliagiza chakula kwa ajili yetu sote, nami nikala hadi mwisho wa sahani, maana kwao sahani isiyomalizika ni maneno mabaya. Hakuna aliyetaja lesi wakati wa kula. Baada ya kula pia hatukuinuka. Tulikaa na vikombe vitupu, na mhudumu akapita mara kadhaa akitutazama kama watu waliosahau nyumba zao. Itifaki, vijana wangu, kwa sehemu kubwa ni uwezo wa makalio.

Hatimaye alisema mwenyewe.

"Yule bibi nampenda. Ana haraka, lakini macho yake ni safi. Tatizo ni kwamba simjui, na hakuna anayesimama kati yetu."

"Kuna mkataba, Doña Basilia."

"Mkataba ni wa watu watakaogombana, Don Mhando. Sisi tunataka kufanya kazi."

Akanifafanulia. Kwao, jambo lolote kubwa lina baba au mama wa ubatizo. Si mtoto tu. Nyumba mpya inaye, gari jipya linaye, hata keki ya harusi na bendi ya muziki huwa naye. Mtu huyo huja siku ya kwanza, hushuhudia baraka, na tangu hapo anakuwa ndugu wa pande zote mbili. Wao humwita kompadre, naye huwaita vivyo hivyo; mwanamke huitwa komadre. Upande mmoja ukidanganya, wa pili hauendi mahakamani. Unakwenda kwa kompadre, na aibu inakuwa ya watatu. Alikuwa tayari kuibeba nusu ya oda iwapo majora ya lesi yatapata baba wa ubatizo. Alikuwa amekwisha kumchagua. Mtu huyo, alisema akinitazama, alimaliza samaki wake wote na hakutazama saa.

Nilimshukuru, nikamweleza kanuni za utumishi: afisa wa itifaki haruhusiwi kuwa na undugu na mteja. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaitengeneza shali yake na kusema, kwa upole uleule wa jana, "Tutaona, Don Mhando."

Nawahakikishia kwamba nimewahi kutukanwa na mabalozi nisisikie baridi ya namna ile.

Jumatatu asubuhi nikaomba ruhusa kwa Mkurugenzi.

"Bwana Mhando," aliniambia, "unaniambia unataka kubatiza nguo?"

"Majora, Bwana Mkurugenzi. Na si ubatizo wa kanisani. Mimi ni Mwislamu."

"Hilo linazidi kuharibu."

"Bila hivyo hatatia saini, na Mama Clémentine atafunga duka."

"Mpe huyo Mbolivia cheti cha shukrani chenye fremu. Mwongozo unasema wanapenda kutambuliwa." Akanitazama juu ya miwani. "Afisa wangu hawi shangazi wala mjomba wa mtu saa za kazi. Hilo ndilo jibu."

Nililitafakari jibu hilo kwa uangalifu linaostahili. Lilikataza undugu saa za kazi. Nikajaza fomu ya likizo ya nusu siku, Jumanne, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Sababu: shughuli ya kifamilia. Mkurugenzi akaidhinisha bila kuinua kichwa, kwa kuwa fomu ilikuwa imejazwa vizuri. Jumanne, kwa bahati, ndiyo siku ambayo kina Doña Basilia huiona njema kwa baraka za namna hiyo.

Kisha nikapanda hadi chumba cha Mama Clémentine, nikakaa naye mpaka alipoelewa. Nilipomrudia neno yapa na kulieleza taratibu, alijipiga paja.

"Lakini ile ni matabishi! Papa Mhando! Kwetu kule sokoni, ukiuza unga, unaongeza mukono moja juu. Mama yangu alikuwa anafanya vile kila siku. Balimupenda juu ya ile." Akatikisa kichwa. "Na miye nikamujibu yule mama mei you. Nani alinifundisha hii roho?"

Dirisha lake lilikuwa wazi, na chini Dengfeng yote ilikuwa ikimjibu.

Kiwandani Laoban Liang alitupokea akiwa na ndara na wasiwasi. Nusu ya pili ya oda ilikuwa bado haina saini, na alikuwa amenitumia mara mbili picha ya kikokotoo kwa simu. Majora ya kwanza ya sampuli yalikuwa yamepangwa sakafuni kando ya mashine. Doña Basilia alifika na mfuko kutoka Yide Lu, mtaa wa maduka ya mapambo, akatoa riboni za karatasi zenye rangi, petali za maua, paketi za vipande vidogo vya karatasi za kurushia, chupa za bia na, baada ya kunitazama, chupa moja ya soda ya machungwa.

"Hii ni yako, Don Mhando. Nilikuona mgahawani ukinywa maji. Ardhi inakunywa chochote kinachotolewa kwa moyo."

Tukazungushia mashine riboni. Doña Basilia akamimina bia kidogo kwenye kila pembe ya sakafu, akiishukuru ardhi na kuiomba isiwe na wivu. Mimi nikafuata na soda. Mama Clémentine akafuata na petali, akiimba wimbo wa kwaya ya kwao, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kwenda kwenye baraka kinywa kikiwa kimefungwa. Laoban Liang akafuata nyuma yetu sote na dekio, akipiga kelele kuhusu nyaya za umeme, hata alipofika kwenye pembe ya mwisho akauliza kupitia tafsiri ya simu yake kama dawa hii inazuia mashine kukata uzi. Doña Basilia akajibu kwamba inazuia hata wivu wa jirani. Laoban akaliegemeza dekio ukutani, akaomba chupa, akamimina mwenyewe.

Ndipo Doña Basilia aliponiita mbele. Akaniuliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, kama ninasimama kati ya bibi huyu na yeye. Nikasema ninasimama. Akamgeukia Mama Clémentine na kumuuliza kama mama yake yu hai.

Nikatafsiri. Mama Clémentine hakuwa na kikokotoo mkononi.

"Alikufa mwaka wa jana," alisema. "Alikuwa anauza unga. Batoto niko nao wane. Wa mwisho anaimba vibaya kuliko miye." Kisha akachukua mkasi wa kiwandani, akavuta jora la juu lililokuwa fungu lake mwenyewe, akakata kipande kirefu, akakikunja na kumwekea Doña Basilia mikononi. "Yapa," alisema. "Matabishi. Yote mbili."

Doña Basilia alitia saini akiwa amekiweka kile kipande begani, juu ya shali. Mashine ikawashwa. Mama Clémentine alisimama mbele yake akiitazama sindano ya kwanza ikishuka. Lesi ile ilifika Lubumbashi kabla ya kiangazi, na mabibi harusi waliokuwa wakipita mlangoni walianza kuingia. Duka halikufungwa. Hilo nalo limo katika taarifa ya mwaka, chini ya kichwa "Matokeo ya Mwongozo".

Kabla ya kuondoka, komadre wangu Doña Basilia alifungua paketi ya mwisho ya vipande vya karatasi na kunimwagia kichwani, mikono miwili, nyekundu, manjano na kijani. Akanionya kwamba baba wa ubatizo haipangusi baraka yake. Anakaa nayo hadi ianguke yenyewe. Nikaona ni itifaki iliyo wazi kuliko nyingi nilizowahi kuzisoma.

Likizo yangu ilikuwa inaisha saa nane. Saa nane nilikuwa dawatini, tai imenyooka, nimetia saini daftari la mahudhurio. Mkurugenzi alipita, akaenda hatua chache, akarudi.

"Bwana Mhando. Una nini kichwani?"

Nikasimama, kama inavyopasa mkubwa anapokuzungumzisha, na kipande kimoja cha manjano kikashuka taratibu kwenye karatasi alizoshika.

"Familia, Bwana Mkurugenzi," nilisema. "Saa za kazi nimeiacha nyumbani. Hivi ndivyo vipande vilivyong'ang'ania."